Wiki Mbili za Kodi ya Meza

Kila Januari mtaani husikika ahadi ileile: mwezi huu naishi kwa buku tano kwa siku. Wengine wamelazimishwa na ada za shule na madeni ya sikukuu, wengine wameamua tu, wanataka kujua mshahara unakopotelea. Wengi huishia njiani wiki ya kwanza, na ukiwauliza watakwambia nidhamu imewashinda. Mimi naona tatizo liko kwingine. Hawakujiwekea masharti yanayoeleweka, na hakuna aliyewaambia kwamba pesa inayokuja kwa siku hununua vitu vichache kuliko pesa ileile ikija kwa wiki. Anayelijua hilo kabla ya kuanza atavuna kitu hata akishindwa siku ya nne.

Tuchukue mtu mmoja anayeishi peke yake Dar es Salaam, amepanga chumba, anakwenda kazini kwa daladala. Shilingi 5,000 zake za siku ni za chakula, mkaa au gesi, maji, umeme, nauli, simu na sabuni. Kodi ya chumba imeshalipwa. Kama unaishi Mbeya au Tanga badili namba, hesabu yenyewe haibadiliki.

Je, 5,000 ni kidogo? Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ni kama 1,640 kwa siku, na Watanzania 26 kati ya kila 100 walikuwa chini ya hapo. Bei zimepanda tangu wakati ule, lakini hata hivyo anayejipima kwa 5,000 asijitangaze kwamba ameonja ufukara. Halafu mtu wa kwenye takwimu yumo ndani ya kaya: sufuria moja, moto mmoja, taa moja, walaji watano. Aliye peke yake hulipia moto wote. Na wanaopenda kutaja dola za Benki ya Dunia wakumbuke kwamba kipimo kile, kilichoanza na dola moja mwaka 1990 na kufikishwa dola 3 Juni 2025, huhesabiwa kwa uwezo wa kununua. Ukizidisha 3 kwa bei ya dola ya benki leo utapata jibu lisilo na maana.

Masharti kabla ya kuanza

Kila kilichomo ndani kina bei. Hili ndilo sharti linalovunjwa kuliko yote. Mtu anatangaza anaishi kwa 5,000 huku uvunguni ana kilo kumi za mchele wa Kyela alizotumiwa na shangazi, mafuta lita tatu na sukari ya mwezi mzima. Huyo hajabana kitu, anakula akiba. Ukitumia kilichomo ndani, kipime, kiandike, na ukilipie kwa bei ya dukani kana kwamba umekinunua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, asubuhi hiyo. Chumvi nayo imo.

Chakula cha kualikwa kina ubishi. Wapo wanaokipiga marufuku kabisa ili hesabu iwe safi. Sikubaliani nao. Jirani akikukaribisha chai ukakataa kwa sababu uko kwenye mtihani wako, utaonekana una maringo, na wiki ijayo ukipungukiwa na mkaa hutakuwa na pa kuomba. Kubali, ule, kisha tenga kiasi kinachofanana nacho kwa ajili ya siku utakayomkaribisha yeye. Kwa moyo huohuo weka fungu la michango. Kadi ya harusi unaweza kuikwepa kwa lugha nzuri, rambirambi huwezi. Ukitenga shilingi 300 kila siku, mwisho wa mwezi una 9,000. Haitoshi kukuketisha meza ya mbele, ila msiba wa mtaani hautakukuta mikono mitupu.

Matibabu hayamo kwenye 5,000. Ukiugua, funga daftari uende zahanati. Na wapo wasiotakiwa kuanza kabisa: mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa za TB au ARV. Hao wanaweza kubana bando na nauli, sahani yao iachwe ilivyo.

Sasa mpangilio wenyewe. Fanya wiki mbili. Wiki ya kwanza jipe 5,000 kila asubuhi, usiguse ya kesho, kama ambavyo mama wa nyumbani huachiwa kodi ya meza na mumewe anapotoka. Kilichobaki usiku unakivusha, kilichopungua unakivumilia. Wiki ya pili chukua 35,000 zote Jumapili, uende nazo sokoni. Pesa ni ileile, siku ni zilezile, tumbo ni lilelile. Andika wiki zote mbili kwenye daftari moja, ukurasa ukitazamana na ukurasa. Tofauti ya kurasa hizo ndiyo elimu unayoitafuta.

Kipimo cha mafuta

Nenda dukani jioni usimame pembeni utazame mafuta ya kula yanavyouzwa. Muuzaji ana ndoo au dumu, ana kikombe kidogo cha bati au kizibo kirefu, na mteja analeta chupa yake au anafungiwa kwenye mfuko mwembamba. Kipimo ni cha pesa: cha mia tano, cha buku. Mara chache utasikia mtu akiuliza ni mililita ngapi.

Uliza wewe, kwa chupa. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita na kila unaponunua kipimo kimimine humo kwanza kabla ya kukitumia, ukiweka alama kwa kalamu kilipofika. Tuseme vipimo vinane vya shilingi 500 ndivyo vinavyoijaza. Umelipa 4,000 kwa nusu lita, lita moja ni 8,000. Sasa angalia bei ya lita iliyofungwa rafuni, au ugawe bei ya dumu la lita tano kwa tano. Fanya hivyohivyo kwa sukari ya kupima, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, nyanya za fungu na mkaa wa kopo. Mkaa ndio utakaokushangaza zaidi: pima kilo za kopo, linganisha na gunia.

Mangi si mwizi. Mafuta yanamwagika, mifuko ananunua, na anakaa dukani mpaka saa nne usiku ili wewe upate cha jero. Mara nyingi pia ndiye anayekuandika kwenye daftari la madeni benki zikiwa zimekugeuzia mgongo. Unalipia huduma halali. Swali ni kama unaihitaji kila siku, kwenye kila kitu.

Ndiyo maana nasema bajeti ya siku ni ghali kwa sababu tu ni ya siku. Na si dukani peke yake. Bando la saa 24 likifa usiku wa manane na megabaiti zako ndani, umelipia usichotumia. Ukitoa pesa kwa wakala elfu mbili mbili, makato ya kila mara yanakula vocha ya wiki, kwa hiyo toa mara moja. Umeme wa LUKU angalau uko tofauti: uniti ina bei ileile ununue za buku au za elfu kumi. Kinachobadilisha bei ni matumizi ya mwezi. Mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75; pamoja na kodi na tozo, uniti moja inakuwa kama 122. Akivuka 75, kila uniti inayozidi ni 350 kabla ya kodi. Pasi na hita ya maji ndizo humvusha mtu mpaka huo bila kujua. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kwenye mita kila mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ukinunua umeme tarehe moja ukapata uniti pungufu, usimgombeze wakala.

Maji nayo yahesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Chukua bili ya mwenye bomba, ugawe bei ya uniti kwa 50, uone ndoo moja ina thamani gani, kisha linganisha na unachomlipa mwenye toroli.

Sahani

Aprili 2015 mwigizaji wa Marekani Gwyneth Paltrow alijaribu kuishi wiki nzima kwa chakula cha dola 29, kiasi kilichokisiwa kuwa ndicho anachopata mtu anayetegemea msaada wa chakula wa serikali yao. Alipiga picha kikapu chake: mayai, maharage meusi, mchele wa kahawia, majani ya kila aina, parachichi, na ndimu saba. Aliacha kama siku ya nne. Watu walimcheka kwa ndimu, lakini kosa lake ni la kawaida hata Kariakoo: alinunua viungo kabla ya kununua shibe.

Anza na nguvu. Mtu mzima anahitaji kama kalori 2,100 hadi 2,200 kwa siku. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Gramu 400 za unga, gramu 150 za maharage makavu na vijiko viwili vya mezani vya mafuta vinakufikisha karibu 2,180, na ndani yake mna protini kama gramu 60. Hapo mwili umepata kuni za kuchoma, na hesabu ya pesa utaona haijafika mbali.

Kinachokosekana ni vitamini na madini, na humo ndimo genge linapofanya kazi kwa pesa ndogo. Mchicha, matembele na majani ya maboga yana vitamini A na madini ya chuma, lakini chuma cha mboga na maharage hakiingii mwilini kirahisi. Nusu ya ndimu juu ya mboga huongeza kinachofyonzwa, chai ya rangi inayoshushiwa chakula hukipunguza. Kunywa chai yako saa moja baadaye. (Ndimu moja inatosha, wala si saba.) Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha. Dagaa wakavu wa Mwanza au wa Kigoma ni nyama ya mwenye daftari: unakula na mifupa, kalsiamu imo, hawahitaji friji, na kiganja kimoja kinabadilisha ladha ya chungu kizima cha mchicha.

Kuna mahali ambapo rahisi ni ghali. Mahindi yaliyobadilika rangi au yenye ukungu, na karanga chungu zilizosinyaa, usinunue hata kwa nusu bei, wala usidhani mashine ya kusaga itasafisha. Sumukuvu haionekani ndani ya unga na haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kiporo cha wali nacho kina hatari yake kwa joto la Dar. Wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuwa na sumu ya bakteria isiyoondoka hata ukiupasha ukatoa mvuke. Pika wali wa kuisha, kiporo kiwe cha ugali, ule asubuhi na chai, wazee wetu walijua walichokuwa wakifanya.

Chakula cha mchana cha mama ntilie, hata akiwa na mkono mzuri na bei ya huruma, kinaweza kula karibu nusu ya 5,000 zako. Huna haja ya kumkimbia. Kula kwake mara moja kwa wiki, siku nyingine beba hotipoti. Aibu ya hotipoti ofisini hudumu siku mbili, ya tatu wenzako wanaanza kuchungulia umepika nini.

Moto

Maharage ni rahisi kununua na ghali kupika, ndiyo maana wengi wa chumba kimoja huyaacha na kuishia kwenye chipsi. Yaloweke usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, asubuhi mwaga maji hayo na uweke mapya. Magadi huyalainisha haraka, ila yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo kama umeloweka huna sababu ya kuyaweka.

Halafu tumia kapu. Chukua tenga au ndoo kubwa, tandika nguo kuukuu au blanketi chini na pembeni, uache shimo la kutosha sufuria. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa moto mkali nusu saa nzima. Usipunguze, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayouawa na mchemko wa kweli, na kapu peke yake haliwezi. Funika sufuria vizuri, ipua ikiwa bado inatokota, ididimize kapuni, juu weka mto au blanketi jingine na uikandamize pasibaki upenyo. Iache saa tatu au nne bila kufunguafungua. Ukirudi utakuta yanabonyeka kwa kidole. Yakiwa bado magumu, yachemshe tena dakika chache na uyarudishe. Umetumia mkaa wa nusu saa badala ya saa mbili.

Pika ya siku mbili kwa mpigo. Kama huna friji, yachemshe yote asubuhi na jioni mpaka yatokote, na ukitaka kuunga nazi au nyanya, unga kile kiasi cha mlo huo tu, nazi huharibika kwanza. Mwenye sufuria ya presha ya umeme ana bahati zaidi: nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja, na kwa bei ya D1 hiyo ni pesa ambayo haikununulii hata kopo la mkaa.

Nauli na madeni

Nauli ina hesabu fupi. Kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, daladala ya mjini ni shilingi 600 mpaka kilomita 10 na 700 kwa kilomita 11 hadi 15. Gari moja kwenda na kurudi ni 1,200, magari mawili ni 2,400, yaani karibu nusu ya siku. Kama gari la pili ni la vituo viwili vitatu, tembea. Kama ni la kilomita nane, usijidanganye: tafuta chumba karibu na kazi mkataba ukiisha, maana hakuna mboga utakayoipunguza ikafidia hiyo.

Sehemu ya hatari ni siku ya nne au ya tano ya wiki ya kwanza, pesa imekata saa kumi jioni na simu inakuonyesha kwamba unaweza kukopa hapohapo. Ukikopa, mtihani umekwisha. Umeanza kutumia 5,000 za kesho na ada juu yake. Mikopo ya mtaani ya kausha damu ndiyo usiiguse kabisa: anayechukua 50,000 na kurudisha 65,000 ndani ya mwezi ametoa 500 kila siku kwa siku thelathini, yaani sehemu ya kumi ya bajeti yetu yote. Daftari la Mangi lina afadhali, mradi ulipe wiki hiyohiyo na uandike deni kwako pia, lisiwe kwake tu.

Baada ya wiki ya pili, fungua kurasa mbili zikitazamana. Kwa kawaida utakuta wiki ya 35,000 za mara moja imebakisha kitu, na pia imekuwa na kishawishi chake: Jumatatu mfuko ulikuwa mnene, ukanunua soda na kuku. Kama ni hivyo, gawa. Vitu vikavu, mafuta na mkaa vinunuliwe Jumapili kwa jumla, mboga na nauli ziwe kwenye bahasha saba au kwenye kibubu cha simu, unatoa ya siku kwa siku.

Chenji iliyobaki ndiyo mtaji wa ununuzi mkubwa unaofuata. Usiirudishe kwenye matumizi. Huenda haitoshi mfuko wa unga wa kilo 25, lakini wapangaji wanne wa uwanja mmoja wakichanga wanaupata, wanagawana kwa mzani saa hiyohiyo mbele ya wote, na kila mmoja anaondoka na kilo sita na robo. Unga wako uweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko wa kubana, juu ya kitu, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Wa dona utumie kwanza ndani ya wiki chache kwa sababu una mafuta ya kiini na huchacha mapema, wa sembe unasubiri.